Watoto Hawali Kivuli

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmemeza mihogo mibichi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na Ngiri, mchoma mkaa. Alikuwa na mke, watoto sita na shoka moja. Kila asubuhi, ko! ko! ko! Mti chini. Msitu ukaisha. Ikabaki mikwaju kumi tu kando ya kijito, na kijito chenyewe kinakauka.

Siku moja akaja Korongo, katumwa na shirika la kutunza misitu. Mrefu, msafi, anatembea kama anaogopa kukanyaga vumbi. Akachomeka kibao: USIKATE MITI. Huyoo, akaruka zake.

Ngiri akakisoma. Akakipasua, akakichoma mkaa.

Korongo akarudi na kibao kikubwa zaidi. Nacho kikawa mkaa.

Mara ya tatu akaleta kibao cha mninga mtupu. "Ndugu huyu ananipenda kweli!" Ngiri akasema, akashika shoka.

"We Ngiri, huna haya?" Korongo akafoka. "Miti ikiisha, kivuli utapata wapi?"

Ngiri akatua shoka. Kicheko kikafutika usoni. "Bwana Korongo, wanangu hawali kivuli. Jana wamelalia maji matupu."

 Korongo akasimama kwa mguu mmoja. "Sasa mngependa kufanya nini?"

"Eh! Leo umeuliza!"

Wakaketi. Mke wa Ngiri akamletea mgeni maji ya ukwaju, maana hakuwa na kingine. Korongo akanywa. Akanywa tena. Akamaliza mtungi.

"Shemeji! Nyati wa ng'ambo wana mahindi mpaka yanaoza, lakini kitu kama hiki hawajakionja!"

Kesho yake Ngiri akaupiga mkwaju kichwa, gwi! Ukwaju ukaanguka, pu! pu! pu! Mke akakamua. Shirika likatoa mitungi, Korongo akavusha. Mahindi yakaja. Watoto sita wakala, wakashiba, wakabeua. Korongo akaleta miche, na Ngiri akaipanda mwenyewe, mmoja mmoja.

Mara mama mkwe akaja kuwatembelea. Asubuhi akavunja kijiti apige mswaki. Ngiri huyo, mbio, mkia juu!

"Mama, shikamoo! Weka kijiti chini!"

Mama mkwe hajarudi mpaka leo. Ngiri husema hakujua kutunza miti kuna faida nyingi hivyo.

Basi wanangu, na nyinyi wazee: ukitaka mwenye njaa autunze mti, kwanza muulize atakula nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu na akanywe.