Injini Iliyogoma Siku ya Kumpokea Mtoto

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa bakulini. Kwenye gati ya mbao, mwendesha boti mmoja alikuwa ameiinamia injini yake kuukuu, jasho likimtiririka kama aliyemwagiwa maji. Watu walimwita Sina Shida, kwa sababu ukimwambia, "Nikusaidie?" hujamaliza kusema keshajibu, "Sina shida." Alikuwa kijana mpole na mchapakazi, asiyemwacha mgonjwa gatini kwa kukosa nauli. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mikono yake ilijua kutoa, haikujua kupokea.

Siku hiyo hakuwa akisubiri abiria. Mkewe alikuwa amejifungua kabla ya miezi kutimia, akakaa na mtoto hospitalini ng'ambo ya ziwa, wiki baada ya wiki. Sasa walikuwa wameruhusiwa, na kitanda chao keshapewa mwingine. Daraja la barabarani lilichukuliwa na mafuriko, na boti zote nyingine zilikuwa zimekwisha kuondoka na abiria. Kila mchana upepo huamka ziwani, boti ndogo zisithubutu kuvuka. Asipowahi, mama na kichanga wangelala kwenye benchi la nje.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumpokea mjukuu. Kazi yake ilikuwa ushonaji. Aliketi juu ya kreti, mapajani ameweka blanketi jipya alilolipinda kingo zake kwa mkono wake mwenyewe.

"Baba, bado inakataa?" aliuliza.

"Itawaka tu, mama. Wewe pumzika."

Kijana alivuta kamba ya kuwashia. Kimya. Aliifungua plagi, akaikuta imelowa petroli. Basi mafuta yalikuwa yakifika. Kilichokosekana ni cheche ya kuyawasha. Akaifuta plagi, akaisugua kwa msasa, akairudishia waya wake. Kisha akaibana kwa koleo, akaigusisha kwenye chuma cha injini kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akavuta kamba ili aone kama itatoa cheche. Lakini kila alipovuta, mwili mzima uliyumba, plagi ikaruka kutoka kwenye chuma, na jua kali likamtia kiwi. Alirudia mpaka kiganja kikawaka moto. Hakuona kitu.

"Koili imekufa," alinong'ona. Na koili mpya, ya kuipa plagi umeme, haikupatikana ila ng'ambo ileile asikoweza kufika.

Simu ikalia. "Uko wapi, baba watoto?" Ilikuwa sauti ya mkewe. "Mwanao keshavaa kofia, yuko tayari kwa safari kuliko wewe."

"Nakuja. Sina shida," alijibu, akakata simu, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mama mkwe alimtazama kwa huruma. Akasimama, akashuka botini taratibu.

"Hebu niambie, hapo unatafuta nini?"

"Cheche, mama. Ni ndogo mno, na inapita upesi kama kope."

"Na wewe unavuta huku, unatazama huku. Kwani una macho kwenye kiwiko?"

Kijana alicheka bila kupenda. "Lakini mama, nitakushikishaje koleo mkwe wangu? Watu wataniona vipi?"

"Watakuona mtu mwenye injini mbovu, na hilo wameshaliona. Heshima ya kuniweka kama picha ukutani huku binti yangu analala kwenye benchi, siitaki. Macho haya yametunga uzi kwenye sindano tangu ujana. Lete koleo."

Kijana aliona haya, lakini akalitoa. Alifuta kila tone la petroli, akalisogeza dumu mbali, akamwonyesha kwa upole: "Shika hapa penye mpira tu, mama. Chuma usikiguse, umeme utakurusha."

Mama mkwe akajifunika blanketi kichwani pamoja na plagi ili apate giza.

"Mama! Si la mtoto hilo?"

"Litafuliwa. Vuta!"

Akavuta kwa nguvu zote, safari hii bila kugeuza shingo.

"Hakuna," sauti ikatoka chini ya blanketi. "Tena. Hakuna. Tena... Ipo! Ipo, baba! Ya bluu, nyembamba kama uzi! Aa, imepotea."

Kijana akaelewa. Koili iliyokufa haitoi cheche ya bluu. Koili ilikuwa nzima. Kitu kingine kilikuwa kikiizimisha cheche njiani. Akaanza kuinua waya mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto huku akivuta kwa wa kulia, na mama mkwe akitangaza kama mtangazaji wa mpira: hakuna, hakuna. Alipouinua waya mwembamba wa kitufe cha kuzimia injini, mama akapaza sauti, "Ipo! Ipo tena!" Alipouachia: "Imezimika."

Kijana akaukagua. Ngozi ya waya ilikuwa imelika kwa kusuguana miaka mingi, shaba iko uchi, inagusa chuma. Ilikuwa sawa na mtu anayebonyeza kitufe cha kuzimia bila kukiachia.

Alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, mama mkwe akauzungusha kwenye waya na kuufunga kwa uzi wake wa kushonea, fundo dogo lisilolegea. Plagi ikarudi mahali pake. Kijana akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikapiga chafya ya moshi, kisha ikanguruma mpaka gati ikatetemeka.

"Panda vizuri, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuona haya kuongeza, "Nisingeweza peke yangu."

Walifika ng'ambo upepo ukianza tu kuchezea maji. Mkewe alikuwa amesimama gatini na kichanga kifuani. Alimpa baba mtoto, akamtazama mama yake mwenye masizi usoni, akashangaa.

"Injini ilikuwa imeharibika? Fundi gani kaitengeneza?"

"Hatukuita fundi," alijibu mumewe, akimkumbatia mwanawe. "Mimi nilivuta, mama akaona. Ningebaki peke yangu, ningekuwa bado navuta mpaka sasa. Wahenga hawakukosea: kidole kimoja hakivunji chawa."