Sungura na Punda Mwenye Mbwenyu

Sogeeni karibu, na mwenye maji ya kunywa ayaweke mkononi, maana kisa hiki ni cha kiangazi.

Mwaka huo mto wa msituni ulikauka hadi vyura wakahama. Maji yalibaki kwenye chemchemi moja tu, juu mlimani, na Simba akasema wazi kwamba mfalme habebi mtungi. Akatangaza: atakayeleta mnyama wa kuteremsha maji, nyumba yake itakunywa ya kwanza kila siku. Sungura alikuwa na watoto waliokuwa wakilamba umande asubuhi, na umande nao ulikuwa umekoma. Akajipiga kifua. "Msitu huu una wajanja wangapi? Mmoja tu. Na ndiye mimi."

Akavuka mto mkavu mpaka kwa Fisi, aliyekuwa na punda.

"Nitapata nini?" Fisi akauliza, hata salamu hajaitikia.

"Mifupa yote ya jikoni kwa Simba," Sungura akasema, ingawa katika jiko lile hakuwa na haki hata ya ukoko.

Mate yakamtoka Fisi. Lakini pande zote mbili za mto kulikuwa na desturi: anayetoa mnyama wa mizigo hutaja kila ila yake mbele ya mpokeaji. Ila ikifichwa, mtoaji hubeba mzigo kwa mgongo wake mwenyewe.

"Basi sikiliza," Fisi akasema. "Huyu ana mbwenyu. Halafu, si mara nyingi, ana chindivi."

Hayo yalikuwa maneno ya wachunga punda wa ng'ambo, na Sungura hakuyajua hata chembe. Ulimi ukamwasha kuuliza. Lakini mjanja mzima amuulize nani? Fisi? Thubutu! Akatikisa kichwa taratibu, kama ajuaye.

"Aa, mbwenyu! Kwetu punda asiye na mbwenyu hatumchukui kabisa."

Fisi akamtazama kwa mshangao, akamkabidhi kamba.

Kwa Simba wanyama walikuwa wamekusanyika, kila mmoja na kibuyu chake kikavu. Sungura akataja ila kama desturi inavyotaka: mbwenyu na chindivi. Simba naye akatikisa kichwa, taratibu vilevile. Ni Bi Simba aliyeuliza.

"Baba watoto, mbwenyu ndiyo nini?"

"Mbona kila mtu anajua!" Simba akasema, macho yakitazama pembeni. "Sungura, hebu mweleze mama yako."

Maskini Sungura, angeweza kusema "sijui" pale pale, na yote yakaisha. Akakohoa. "Mbwenyu ni mwendo wa madaha, Bi mkubwa. Na chindivi ni kupenda kazi kupita kiasi." Wakampigia makofi, naye akainama kuyapokea.

Punda akapanda mlima vizuri, akapakiwa mitungi iliyojaa, akaanza kushuka huku msitu mzima ukimfuata kwa nyimbo. Walipofika penye mchanga akakunja magoti, akalala, akagaagaa miguu juu. Mitungi ikapasuka yote, na mchanga ukanywa maji yakaisha.

"Sungura!" Simba akanguruma. "Hii ni nini?"

Aliyejibu ni Punda, akiwa bado chali. "Mbwenyu hii, mzee. Kwani hamkuambiwa?"

Bi Simba akauliza polepole, "Na chindivi je?"

"Subiri kidogo, mama," Punda akasema. Akainuka, akarusha mateke, moja likamkosa Simba puani, jingine likampata Sungura makalioni. Kisha akatimua mbio kurudi kwao, kamba ikiburuta nyuma.

Sungura akajiokota. "Mfalme wangu, ila zake nilizitaja."

"Ulitaja majina, maana yake ukaificha kwa uongo. Kupenda kazi kupita kiasi, sivyo? Haya, kaipende."

Sungura alitaka kumkumbusha nani alisema kila mtu anajua, lakini akayaona yale meno, akajitwika kibuyu cha kwanza.

Tangu siku hiyo akawa anapanda na kushuka mlima na vibuyu mgongoni, na nyumba yake ikawa ya mwisho kunywa. Fisi akaja kumngoja njiani. "Mifupa yangu iko wapi?"

"Uliobaki ni huu wa mgongo, bwana, na wenyewe unakaribia kukatika," Sungura akajibu, akacheka kicheko cha uchungu.

Jioni mkewe akamkanda kiuno. "Lakini baba watoto, si ungeuliza tu maana yake?"

Sungura akayashika masikio yake, moja kila mkono. Aibu ilimchoma, na watoto walikuwa wanagombania tone lililobaki kibuyuni. "Nimepewa masikio marefu yote haya, mke wangu," akasema, "nami nikaona haya kuyatumia."

Nami nimefika nilikofika. Kama kuna neno humu hukulielewa, niulize sasa hivi, usinitikisie kichwa.