Mpiga Ngoma Asiyechelewa

Mtu mmoja alikuwa na mdogo wake aliyepiga ngoma. Mtu huyo aliitwa Mghanga, na mdogo wake Shako, nao walikaa Voi kwa mama yao, kwenye nyumba yenye stoo kwa nyuma. Humo stoo walipiga muziki wa metali. Ni ule muziki mzito ambao gitaa linanguruma, mwimbaji anakoroma kama aliyekabwa koo, na ngoma zinamiminika juu yao wote kama kokoto zinazomwagwa na lori. Majirani waliwaona wamechanganyikiwa. Basi hayo tuyaache, kila mtu na masikio yake.

Mghanga alipiga gitaa na kutunga nyimbo. Shako alipiga ngoma, na Shako, jamani, alikuwa mtu wa taabu. Alichelewa kufika mazoezini, na akishafika, mikono yake nayo ilichelewa. Pigo lake lilitua nyuma kidogo ya pale lilipongojewa. Siku akiwa na furaha alikimbia, na wimbo mzima ukalazimika kumfuata mbio. Baya kuliko yote, alikuwa na tabia ya kuinua vijiti juu katikati ya wimbo na kusema, "Kaka, hapa hapana. Hapa unajionyesha tu." Mghanga alikasirika kila mara. Waligombana, wakanuniana, kisha mama akawaita kula, wakala sahani moja. Baadaye Mghanga aliubadilisha wimbo kimyakimya, wala hakukiri hata siku moja kwamba ameubadilisha.

Kisha Shako akapata kazi ya ulinzi Uarabuni. Mghanga alikuwa ameshajifunza kutengeneza muziki kwa kompyuta, akaona njia. Kabla ya safari alimkalisha mdogo wake kwenye ngoma, akaweka maikrofoni, akamwambia apige pigo moja moja. Ngoma ndogo kwa upole, halafu kwa nguvu, halafu kwa hasira. Ngoma kubwa ya mguu. Matoazi, kila moja mpaka mlio wake uishe wenyewe. Alitaka sampuli ya kila sauti ambayo mikono ya Shako iliweza kuitoa, ili azipange kwenye kompyuta na nyimbo ziendelee. Shako alicheka, akasema anajiona kama mgonjwa anayepimwa kifua. Lakini alizipiga zote mchana kutwa, na hakulalamika, kwa sababu alijua kaka yake anabaki peke yake.

Hilo halikuwa kosa. Nataka mlisikie vizuri, maana najua wapo kati yenu watakaokimbilia kuilaumu kompyuta. Mtu akiweka sauti ya ampendaye ili imliwaze, amekosa nini? Kosa lilikuja baadaye, tena lilikuja taratibu, likiwa limevaa nguo za kazi.

Mwanzoni Mghanga alizipanga zile sauti huku akimkumbuka mdogo wake. Alipoisikia ngoma ndogo, ile iliyochanika ngozi wakaiziba kwa selotepu, moyo ulimuuma. Lakini siku zilivyokwenda alianza kuona raha ya namna nyingine. Shako huyu wa kwenye kompyuta hakuchelewa. Alifika stoo wakati uleule ambao Mghanga alifika. Akiambiwa aende mbio, alikwenda mbio ambazo hakuna mguu wa binadamu ungeziweza, wala hakuhema. Akiambiwa apunguze, alipunguza. Mghanga akawa anamwambia, "Haya mdogo wangu, twende," na wanakwenda. Hakuna aliyeinua vijiti juu. Hakuna aliyesema hapa hapana.

Nyimbo zikatoka nzuri. Nasema kweli, zilikuwa nzuri, sina haja ya kuzipaka matope ili mafundisho yangu yapendeze. Vijana wa mjini walizisambaza kwa simu, na mtangazaji mmoja wa redio akauliza ni nani huyo anayepiga ngoma namna hiyo. Mghanga akajibu kwamba ni mdogo wake. Hapo nani angesema amedanganya? Kila sauti ilikuwa ya Shako. Kila amri ilikuwa ya Mghanga.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililoniumiza mimi. Shako alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Ijumaa moja simu ililia wakati Mghanga yuko katikati ya kazi, anarekebisha pigo la ngoma lililokuwa karibu mno na lenzake. Akatazama jina, Shako. Akatazama kompyuta, na pale napo palikuwa na Shako, anamngoja. Akaizima sauti ya simu kwa sababu ilikuwa inamharibia. Alikusudia kumpigia baadaye. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata pia, mpaka ikawa ndiyo desturi. Wala hakujiona amemtupa ndugu yake. Angejionaje, naye anashinda naye kutwa nzima?

Muda ukapita, Mghanga akaalikwa kupiga kwenye tamasha la Pasaka, jukwaani, mbele ya watu. Na kwa bahati njema, mwezi huohuo mama akapata habari kwamba Shako anarudi. Mghanga alifurahi mno. Alimpokea kituoni, akambebea begi, akamsimulia habari za tamasha njia nzima. Shako alikuwa amekonda, na alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Mama alikuwa amepika. Shako akala kidogo tu, na kabla hajanawa vizuri kaka yake akamvuta kwenda stoo.

Alimsikilizisha nyimbo. Shako akainamisha kichwa, akatabasamu aliposikia ile ngoma ya selotepu. Alisema, "Kumbe mimi hodari hivi!" wakacheka wote wawili, na kwa kitambo kidogo stoo ilikuwa kama zamani. Kisha Shako akakalia kigoda chake, akashika vijiti, Mghanga akavaa gitaa, wakaanza.

Shako alichelewa. Mghanga akasimamisha wimbo, akasema warudie. Shako akachelewa tena palepale. Wakarudia. Safari hii Shako aliwahi, lakini huko mbele kwenye wimbo miguu ilimshinda, akaangusha pigo. Waliporudia tena, alifika katikati na kuinua vijiti juu. Alitaka kusema neno. Mghanga hakumngoja aseme. Jasho lilikuwa likimtoka, tamasha liko karibu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kulikuwa na mtu stoo ambaye hakwenda alikotaka yeye. Akaigeukia kompyuta, akaubofya wimbo, akaongeza sauti, akasema, "Sikiliza basi! Wewe unapiga hivi!"

Hebu tafakarini maneno hayo. Mtu amekaa mbele yako, mzima, anapumua, nawe unamwonyesha kwenye mashine jinsi yeye alivyo.

Shako aliusikiliza wimbo mpaka mwisho. Halafu akaviweka vijiti juu ya ngoma, polepole, na akasema, "Kaka, huyo siye mimi. Mimi ni yule ambaye hukupokea simu zake."

Akatoka. Hakubamiza mlango. Siku ileile alichukua begi lake akaenda kukaa kwa rafiki yake, ng'ambo ya reli, na asubuhi akaenda kutafuta kibarua kwenye machimbo ya mawe.

Mama yao ndiye aliyemweleza Mghanga yaliyobaki. Kule Uarabuni mwajiri alikuwa amemnyang'anya Shako pasi yake ya kusafiria, na kwa muda mrefu alilala sakafuni katika ghala, hajui atatokaje, mpaka aliporudishiwa pasi. Mambo hayo alimficha mama mwanzoni, asimtie kihoro. Alitaka kumwambia kaka yake. Ndiyo maana alipiga, Ijumaa baada ya Ijumaa, na simu ililia mpaka ikachoka. Mama alimaliza kusema akaendelea kuchambua mchele wake.

Na mnadhani Mghanga alifanya nini? Alirudi kwenye kompyuta! Ndivyo tulivyo. Alijifungia stoo, akaufungua wimbo ule, akaanza kuyavuta mapigo nyuma, moja moja, ili Shako achelewe kama anavyochelewa Shako. Alitaka kumrudisha. Alipomaliza akausikiliza. Mapigo yalichelewa, ndiyo, lakini yalichelewa kwa sababu yeye ameyaambia yachelewe, pale alipopachagua, kwa kiasi alichokipenda. Hata kosa la ndugu yake alikuwa amelifanya liwe mtumishi wake. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, majirani wakasikia, na kwa kuwa walizoea makelele ya stoo ile hakuna aliyekuja.

Kesho yake alivuka reli. Hakuchukua gitaa, wala hakuchukua nyimbo za kumsikilizisha. Rafiki wa Shako alimwambia kwamba Shako yuko machimboni, atarudi saa kumi na moja. Mghanga akakaa kwenye jiwe nje ya mlango. Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Wafanyakazi wa machimbo walirudi makundi kwa makundi, weupe kwa vumbi, na Shako hakuwamo. Zamani angeshanyanyuka na kuondoka, akinung'unika njia nzima. Safari hii alikaa. Aliwaza kwamba huenda Shako akija atamfukuza, na kwamba akimfukuza, hilo litakuwa neno la Shako mwenyewe, naye atalisikiliza mpaka mwisho. Tamasha alikuwa amelisahau.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima Shako alipotokea peke yake mwisho wa barabara, anatembea kwa mwendo wake uleule wa kuchelewa. Alimwona kaka yake, akasimama. Mghanga naye akasimama, asimhimize. Akamwacha aje kwa wakati wake.

Ndugu zangu, yule mnayemwita mume wangu, mke wangu, mwanangu, yule mnayemwita Bwana wangu asubuhi na jioni, je, ni yeye mwenyewe, au ni sauti zake tu mlizozipanga mpaka hawezi tena kuwaambia hapana?