Pengo Kwenye Visu vya Chui

Paukwa.
Pakawa.
Kisu?
Kimo alani.
Ala?
Imo kiunoni.
Kiuno?
Cha mwenye kisu.

Basi nyamazeni. Mwenye kumenya aendelee kumenya, masikio hayamenyi.

Hapo kale wanyama wa Mlima Mawe walipenda visu kuliko walivyopenda kitu cha kukata. Kila baada ya mavuno walikutana juu ya mwamba bapa, kila mmoja na chake. Wengine walikuwa na visu vya kukunja, makali yanalala ndani ya mpini kama ulimi mdomoni. Wengine walikuwa na visu vya ala, visivyokunjwa.

Na walikuwa na desturi moja. Kisu hakipokelewi mkono kwa mkono, maana kinakata urafiki. Kinawekwa chini. Mwenzako anakiokota, anakitazama, anakisifu, anakirudisha chini. Mwenyewe anaokota chake.

Ngiri aliweka chini kisu chake cha mpini wa pembe. Nungunungu akakiokota, akakipima uzito kiganjani.

"Kimekaa vizuri, kaka Ngiri. Hakivuti mbele, hakivuti nyuma." Akakirudisha chini.

Kicheche aliweka chini cha kukunja, mpini wa shaba. Ngiri akakiokota. Akakifungua, tak. Akakikunja, tak. Akakifungua tena, tak.

"Utakichosha," Kicheche akasema.

"Nasikiliza tu. Kinafunga kama mlango wa tajiri." Akakirudisha chini.

Ilikuwa hivyo mpaka mwaka alipokuja Chui. Chui hakuleta kisu. Alikaa, akatazama, kisha akanyoosha mguu akaukalisha juu ya kisu cha Kicheche.

"Kiko chini, nimekiokota." Akakitia mkandani.

"Mzee, kimewekwa kitazamwe tu," Kicheche akasema.

"Desturi yenu inasema kisu huokotwa chini. Imetaja jina la mwokotaji?"

Wakatazama kucha zake.

Akaokota cha Ngiri. Akaokota cha Nungunungu. Mwaka uliofuata, asiyekuja mwambani alifuatwa nyumbani. Mwaka wa tatu Chui alikuwa na visu arobaini, kiunoni na mabegani, akitembea chaka, chaka, chaka. Hakukata kitu kwa hata kimoja.

Kisu kilichobaki mlimani kilikuwa cha Bi Pimbi. Kisu kifupi cha ala, makali yamelika katikati kwa kunolewa. Bi Pimbi alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na mwaka ule mlimani kulikuwa na muhogo tu. Kwa kisu hicho alimenya, watoto wakala. Bila kisu hicho, watoto wangelala na njaa. Hakukuwa na la kuongeza.

Chui akamwita mwambani. Wanyama wote wakaitwa washuhudie. Walikuja na viuno vitupu.

"Weka chini, bibie," Chui akasema.

"Nitaweka, mzee wangu. Ila naona haya."

"Haya ya nini?"

"Changu ni kidogo. Kikiwa peke yake kitadharauliwa. Kisu kinapendeza kikiwa mahali pake kwenye mstari, kuanzia kifupi mpaka kirefu. Mstari wako ukoje?"

Chui hakuwahi kufikiria mstari. "Upo," akasema.

"Hauna pengo?"

Chui akautazama mkanda wake. Mkusanyaji anaweza kuvumilia njaa. Pengo hawezi.

Akafungua mkanda. Cha kukunja, tak, kikafunguliwa, kikawekwa chini. Cha ala, swii, kikachomolewa, kikawekwa chini. Tak, chini. Swii, chini. Bi Pimbi alimfuata hatua kwa hatua, akisifu.

"Hiki mpini wa pembe. Kimekaa vizuri. Hiki cha shaba, angalia kinavyofunga. Sogeza kidogo, mzee, hiki ni kirefu kuliko hicho."

Chui akasogeza. Akabaki na kimoja mkononi, kirefu kuliko vyote.

"Hicho ndicho cha mwisho wa mstari?" Bi Pimbi akauliza.

"Ndicho. Na hakitoki mkononi mwangu."

"Sawa. Ila mstari usio na mwisho, pengo lake utalijuaje?"

Chui akatazama mstari. Akatazama kisu. Akakiweka chini. Kisha akalala kifudifudi, akafumba jicho moja, akapima kisu baada ya kisu.

"Lipo," akasema. "Hapa, baada ya cha kumi na mbili. Saizi ya chako. Lete."

"Kweli lipo. Na visu viko wapi?"

"Si unaviona? Viko chini."

Bi Pimbi akawageukia wenzake. "Mmemsikia mzee."

Ngiri akawa wa kwanza. Akaweka mguu juu ya mpini wa pembe. "Kiko chini, nimekiokota."

Kicheche akafuata. "Kiko chini, nimekiokota."

Nungunungu akafuata. Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine.

Chui akainuka. "Nani amewaruhusu?"

"Desturi imetaja jina la mwokotaji?" Bi Pimbi akauliza.

Chui akatazama kucha zake. Akatazama visu vilivyomzunguka, vyote vimefunguliwa, tena kwa mikono yake mwenyewe. Akashuka mlima, ala tupu zikimgonga mbavu, pwa, pwa, pwa.

Wanyama wakatawanyika. Mwambani vikabaki visu vitatu, ambavyo wenyewe hawakufika. Bi Pimbi akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Viko chini," akasema taratibu. "Nimeviokota."

Baada ya wiki Digidigi akabisha mlangoni kwake. Alikuwa ametoka kuugua, bado anakohoa.

"Dada Pimbi, nasikia visu vimerudi. Changu cha kukunja hukukiona?"

Bi Pimbi alikuwa anamenya muhogo, kwa kisu cha kukunja.

"Kilikuwa chini, ndugu yangu," akasema. "Karibu muhogo."

Digidigi akakitazama kisu. Akatazama muhogo. Akakaa, akala.

Hadithi yangu nimeikunja, tak, nimeiweka chini. Anayeitaka aiokote.

Na funzo lake ni hili: cha mwenzako mrudishie, hata kama hakuna anayekuona. Bi Pimbi huwaambia watoto wake hivyo kila siku, nao hawambishii, maana midomo imejaa.