Kapu la Nyoyo Langoni

Hapo zamani, kabla watu hawajajua kwamba cheo na akili ni vitu viwili, mji wa Vumbeni ulitawaliwa na Sultani Haidari, mtu aliyejipenda kwa moyo wake wote na ambaye katika mapenzi hayo hakuwa na mshindani. Sultani huyu alikuwa akijenga ukumbi wa kumpokelea jirani yake, Sultani wa Mkame, na nia yake haikuwa kumkirimu mgeni bali kumtia kijicho.

Basi kazi ikafika darini. Na desturi ya mji ule, dari ya chokaa na kokoto hupigiliwa na watu wengi kwa vipande, yaani magongo mafupi ya mti, na hupigiliwa kwa nyimbo, kwa kuwa mkono unaofuata wimbo hauchoki upesi. Aliyeongoza nyimbo ni Bi Zamda, mjane mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Watu wakapigilia wakicheka na kutaniana, na mara nyingine wakamwimba bahili fulani bila ya kumtaja. Sultani chumbani mwake akakosa raha, maana jina hakulisikia lakini sifa zote alizitambua.

Ikawa Bi Zamda akafiwa na bintiye wa pekee. Akamzika jioni, na asubuhi yake akaitwa kazini, kwani Sultani hakuona dari na matanga vinahusianaje. Akaja, akashika kipande, akaanza wimbo, na wimbo ukamgeukia kilio. Wenzake nao wakalia, kazi ikasimama. Sultani akatoka amevimba kwa hasira, akasema mbele ya watu wote:

"Mimi nimeajiri mikono. Nyoyo zenu sikuziomba. Kuanzia kesho, atakayevuka lango hili aache nje furaha yake na huzuni yake na kila kilichomo kifuani mwake, aingie na mikono tu. Na mwanamke huyu ahame mji wangu, akalie huko asikonisumbua."

Bi Zamda akageuka kutazama upande wa makaburi. Kaburi la mwanawe lilikuwa bado bichi, na aliyefukuzwa Vumbeni hakuruhusiwa kurudi, hata kuzuru makaburi.

Sasa pale langoni hukaa mtu mmoja aitwaye Shekuwe, hohehahe, kanzu yake viraka vitupu, aliyependa mahali pale kwa sababu harufu ya jiko la Sultani haikuuzwa. Watu walimwita punguani, naye hakuwasahihisha, kwani punguani husamehewa mengi. Akasogea, akainama, akasema, "Maulana, amri yako ni njema, lakini nani ataisimamia? Nipe mimi kazi ya kupokea nyoyo langoni. Naomba kapu moja tu. Ikifika siku ya karamu na hakuna mfanyakazi aliyevuka na moyo wake, mwache Bi Zamda akae mjini. Akivuka hata mmoja, tufukuze sote wawili."

Sultani akacheka, akaona amepata mchezo wa bure, akakubali mbele ya mashahidi, na Bi Zamda aendelee kazini mpaka siku hiyo.

Asubuhi yake Shekuwe akaketi langoni na kapu lake mapajani. Kila aliyefika alimwambia kwa upole aweke, atachukua jioni, na mtu huyo akajipapasa kifua, akatia kapuni kisichoonekana, akapita. Waziri naye akaweka chake, na inasemekana ndiye peke yake ambaye kwa chake kapu halikuongezeka uzito. Bi Zamda alipofika alisimama tu. Shekuwe akamwambia, "Mweke kwangu, dada. Nitamwangalia mwanao mpaka jioni." Bi Zamda akajipapasa kifua, akaweka.

Ndani kukawa kimya. Vipande vikaanguka ovyo, kila kimoja kwa wakati wake, na dari ikaota mabonde. Sultani alifurahia ule utulivu asubuhi ya kwanza. Mchana akapanda kukagua, akatoa mzaha wake wa punda kilema, mzaha ambao miaka yote watu waliucheka hata wakashika mbavu. Hakuna aliyecheka. Akafoka, na hakuna aliyetetemeka. Wakamtazama kama mtu anavyotazama ukuta, wakaendelea kupigilia. Akamuuliza Waziri kwa kunong'ona kulikoni. Waziri akajibu kwamba vicheko vimo kapuni, na hofu pia, kwa amri yake mwenyewe.

Basi siku ya karamu ikawadia. Sultani wa Mkame akaingia ukumbini amejaa tabasamu, akawakuta wafanyakazi wamejipanga safu mbili, hakuna kigelegele, hakuna hata aliyekunja uso. Tabasamu likamtoka. Akamshika mwenyeji wake mkono kwa huruma.

"Pole sana, ndugu yangu. Amefariki nani?"

Sultani Haidari akaona aibu mpaka kisogoni. Akaagiza Shekuwe aletwe na kapu lake, akamwambia awarudishie watu nyoyo zao upesi, washangilie.

"Maulana," akasema Shekuwe, "shangwe hazimo humu. Huzuni nilipokea, uchovu nilipokea, na hofu yao kwako ilikuwa nyingi, kapu nusura lipasuke. Lakini furaha ya kukutumikia hakuna aliyekuja nayo. Nilimpekua kila mmoja."

"Basi warudishie hata hiyo hofu."

"Kila jioni nimekuwa nikiwarudishia, Maulana. Jana waliikataa. Wanasema wamepata nafuu bila yake."

Mgeni akaangua kicheko, kilemba kikamwanguka. Sultani akatupa macho huku na huku akitafuta mtu anayemwogopa, asimpate ila Waziri. Mashahidi wa ile ahadi walikuwa mbele yake, na jirani yake alikuwa akimtazama. Akamgeukia Bi Zamda kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba, akamwambia akae mjini. Kisha akaongeza, "Na pole kwa msiba," na hilo neno hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

Bi Zamda hakumshukuru. Alikaa chini pale pale, katikati ya ukumbi mpya, akamlilia mwanawe kwa sauti, na wanawake wakatoka safuni wakamzunguka. Sultani akafungua kinywa ili awanyamazishe, akamwona Sultani wa Mkame anapangusa machozi, akakifunga.

Karamu ilipokwisha Shekuwe akaulizwa anataka zawadi gani. Akaomba mambo mawili: sahani ya pilau, na Sultani mwenyewe akae langoni asubuhi moja, awatazame nyuso watu wake wanapoingia kazini. Sultani akasema yote mawili ni mepesi. Pilau Shekuwe aliipata saa ile ile, tena ya moto. Lile la pili, watu wa Vumbeni wanasema, Sultani bado anatafuta nafasi.