Fisi Aliyetaka Kuku Wazito

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa ua wa kuku.
Na mizani mlangoni!
Na mwenye ua je?
Hamwamini mtu!

Basi mwenye ua alikuwa Fisi. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoka nje kuangalia ni nani anamwaga maji. Ua aliusuka mwenyewe kwa miiba, mrefu, wa mlango mmoja wenye komeo nje. Hapo mlangoni akatundika mizani ya mti: kuku upande huu, jiwe upande ule. Na ndoto yake ilikuwa moja tu, kupata kuku mzito kama mbuzi, amle peke yake.

Asubuhi moja akampandisha Kishingo, kuku mdogo asiye na manyoya shingoni. Jiwe likashuka, ti! Kishingo akabaki juu ananing'inia.

"Mwepesi," Fisi akasema. "Leo wewe ni mchuzi."

"Sawa, Bwana Mkubwa," Kishingo akajibu. "Tena unafanya vyema. Utule sisi wepesi, wazito uwaache watage. Mtoto hufuata mwili wa wazazi. Hatawafikia wazazi wazito kabisa, lakini kila uzao utauzidi kidogo uliotangulia."

Fisi akasita, mate yakimdondoka. Tangu lini kuku akajipeleka chunguni? Akamnusa. Akamzunguka. Akamnusa tena. Hm! Hapa pana jambo. Huyu anawakinga wale kuchi, kuku wakubwa wanene, kwa sababu anayoijua mwenyewe.

"Hunipati!" akanguruma. Akala wazito, nyafu-nyafu-nyafu. Wepesi wakabaki, wakataga.

Vifaranga wakakua. Fisi akapima. Jiwe likashuka, ti!

"Wamepungua! Nani kagusa jiwe langu?"

"Jiwe ni lile lile, Bwana Mkubwa. Nilikuambia uwaache wazito."

"Hunipati!" Akabadilisha jiwe. Akala wazito, nyafu-nyafu-nyafu. Wepesi wakabaki, wakataga.

Vifaranga wa hao nao wakakua. Fisi akapima. Jiwe likashuka, ti!

Sasa akawashindilia pumba na dagaa mpaka wakatembea kwa kuyumba. Wakaongezeka kidogo. Akafurahi, akawala walioongezeka. Mayai yakaanguliwa: vifaranga kama funda la tumbaku.

"Pumba zangu zimekwenda wapi?"

"Zimeishia tumboni, Bwana Mkubwa. Pumba haziingii kwenye yai. Linaloingia ni mbegu, na mbegu ya uzito umeila wewe."

"Hunipati!"

Uzao ukafuata uzao, mpaka siku Fisi alipompandisha jogoo mmoja mizanini. Jiwe likashuka, ti! Jogoo akarushwa juu, akakunjua mabawa, akashangaa kuona hayuko chini. Purrr! Akauvuka ule ua ambao babu zake kuchi hawakuuota hata ndotoni. Wenzake wakatazamana. Purrr! Purrr! Purrr! Wote hao.

Akabaki Kishingo, maana mabawa yake yalikwisha kuzeeka. Fisi akamkamata ile shingo tupu, akatoka naye kuelekea chunguni.

"Bwana Mkubwa," Kishingo akasema kwa taabu, "basi funga mlango. Humo ndani hamna kitu tena."

Fisi akasimama. Hamna kitu? Sasa mbona anahimiza pafungwe? Akamtupa chini, akarudi ndani mbio, akaanza kupekua viota. Chakura-chakura-chakura.

Kishingo akasukuma mlango kwa kifua, akasukuma komeo kwa mdomo. Kacha!

"Bwana Mkubwa! Nimekufungia!"

"Hunipati!" Fisi akajibu, wala hakugeuka. Akaendelea kupekua.

Funzo ni hili, wanangu: uwongo ni mbaya. Kishingo hakusema hata mmoja, na mmeona alivyosalimika. Kwa hiyo semeni kweli daima, ila kwanza hakikisheni kwamba anayewasikiliza hataamini.

Hadithi yangu imepanda kichanjani kulala, nanyi pandeni vitandani. Na atakayesema ameshaosha miguu, nitakuja kuikagua.