Kitanda cha Binti Yake Mshamu

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, palikuwa na fundi wa kung'arisha samani, jina lake Mshamu. Alikuwa na binti mmoja, Zuwena, naye Zuwena alikwisha kuposwa. Mshamu akaapa kuwa kitanda cha arusi ya mwanawe atakipaka vanishi kwa mkono wake mwenyewe.

Zuwena akamwambia, "Baba, king'are hata nijione uso." Mshamu akacheka, akaenda kazini.

Bwana Lali, mwenye karakana, akaleta spiriti mpya ya kuchanganyia vanishi. Bei yake rahisi, harufu yake kali. Muuzaji alimwonya kuwa mvuke wake una sumu. Bwana Lali hakumwambia mtu.

Chande, fundi mwenzake Mshamu, akaona vumbi la barabarani linaganda kwenye vanishi mbichi. Akafunga madirisha, akaziba na nyufa kwa magunia. Ndivyo wafanyavyo mafundi wote, jamani, vumbi likiingia kazi imeharibika.

Mshamu akasugua. Kichwa kikamuuma, akasugua. Macho yakaingia ukungu, akasugua. Hakusema neno, maana aliogopa kitanda kisije kikapewa fundi mwingine. Siku ya arusi ikafika, naye haoni hata taa.

Zuwena akapambwa, akaletwa mbele ya baba yake. Mshamu akampapasa uso polepole, akauliza, "Wanja umekukaa vizuri, mwanangu?" Mimi mwenyewe nikifika hapa roho huniuma.

Kesho yake wakamjia watatu.

Bwana Lali akasema, "Mshamu, kosa ni langu. Niliijua ile sumu, nikanyamaza. Nitakushika mkono mimi, popote uendapo."

Chande akasema, "Hapana, bwana. Madirisha yangekuwa wazi, mvuke ungetoka. Niliyafunga kwa mkono huu, basi mkono huu ndio umwongoze."

Zuwena akasema, "Na huo mng'aro aliutaka nani? Baba, siendi tena kwa mume. Nitabaki hapa nikushike mimi."

Mshamu akalia. "Na mimi niliyeficha ukungu wa macho yangu, nimlaumu nani?" Kisha akanyoosha mkono kwenye giza lake. Mikono mitatu ikanyooshwa kuupokea, na yeye haoni upi ni wa nani.

Haya, mnaonisikiliza, semeni nyinyi, mimi nimeshindwa. Je, mkono wa nani ulistahili kushikwa?